Kupandikizwa Ini: Nani Anahitaji, Lini, na Maisha Yanakuwaje Baadaye

Mgonjwa anayeambiwa kwamba ini lake limeharibika kiasi cha kuhitaji jingine huuliza kwanza habari za upasuaji: utachukua saa ngapi, maumivu yatakuwa makali kiasi gani, na ni hospitali ipi inayosifika. Ni maswali ya haki, lakini upasuaji ndio sehemu ambayo mgonjwa ana kazi ndogo zaidi, kwa kuwa atakuwa katika usingizi wa dawa na kila kitu kitakuwa mikononi mwa wengine. Sehemu zinazomtaka ashiriki kwa akili yake ziko kabla na baada ya siku hiyo: kutambua kama kweli amefika mahali pa kuhitaji ini jingine, kumwona daktari bingwa kabla mwili haujachoka kupita kiasi, kumpata mtu wa kumpa ini bila kumwonea, na kisha kuishi na dawa kila siku kwa umri wake wote uliobaki. Makala haya yanazifuata sehemu hizo kwa kumfikiria zaidi mgonjwa wa Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi ini lake limeharibiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na ambaye kwa kawaida hulazimika kusafiri nje, hasa India, ikiwa upandikizaji unahitajika.

Ini linaposhindwa kazi

Ini la mtu mzima lina uzito unaokaribia kilo 1.5, na limekaa chini ya mbavu za upande wa kulia. Hupokea damu kwa njia mbili: ateri inayoleta damu yenye oksijeni kutoka kwenye moyo, na mshipa mpana unaokusanya damu ya utumbo na bandama, ambao huleta takribani robo tatu ya damu yote inayoingia humo. Kwa hiyo karibu kila kinachofyonzwa na utumbo, kiwe chakula, dawa au sumu, hupitia kwanza kwenye ini. Humo ndimo inamotengenezwa albumini, protini inayozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa. Humo ndimo vinamotoka viambata vinavyoifanya damu igande. Na humo ndimo amonia itokayo utumboni inamogeuzwa kuwa yurea ili figo ziitoe. Figo zikifa, mgonjwa anaweza kuishi miaka kwa mashine ya kusafisha damu. Ini halina mashine ya namna hiyo, na ndiyo sababu upandikizaji haukwepeki pale linaposhindwa kabisa.

Ini likishambuliwa kwa miaka mingi na virusi, pombe, mafuta yaliyojazana ndani yake, au kinga ya mwili yenyewe iliyopotoka, seli zinazokufa huacha makovu. Makovu yakienea na kulifanya ini zima liwe gumu lenye vinundu, hali hiyo huitwa sirosisi. Mtu anaweza kuishi na sirosisi kwa miaka bila kujua, kwa sababu sehemu iliyobaki nzima inabeba kazi yote. Siku ini linaposhindwa kujimudu, dalili kubwa huwa nne. Tumbo hujaa maji na miguu huvimba. Macho hugeuka manjano. Damu hutapikwa kutoka kwenye mishipa ya umio, iliyovimba kwa sababu damu ya utumboni imekosa njia ndani ya ini lililokakamaa. Na akili huchafuka: mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, husahau alichosema punde, na viganja vyake hupigapiga anaponyoosha mikono mbele. Dalili hii ya mwisho husingiziwa mashetani au msongo wa mawazo, na familia hupoteza wiki nyingi kwingine, ilhali chanzo chake ni sumu, hasa amonia, ambazo ini limeacha kuziondoa, na ambazo mara nyingi hupungua kwa dawa ya maji iitwayo laktulosi na kwa kutibu kilichozichochea, kama vile kufunga choo au maambukizi.

Tofauti kati ya hatua hizi mbili ndiyo msingi wa maamuzi yote yanayofuata. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na madaktari, nusu ya wagonjwa ambao ini lao bado linajimudu huishi zaidi ya miaka 12 tangu ugonjwa ugunduliwe, lakini kwa wale ambao dalili hizo zimekwisha kuanza, muda huo hushuka hadi karibu miaka 2 wasipopandikizwa na chanzo cha ugonjwa kisipodhibitiwa.

Wasiohitaji ini jingine

Kabla ya familia kuanza kuuza shamba, ni lazima ijulikane kama ugonjwa wenyewe ni wa kupandikizwa. Katika ukanda wa Ziwa Victoria wako watu wengi wanaotapika damu na wenye bandama iliyovimba hadi kitovuni, na ambao majirani husema ini lao limeoza. Wengi wao wana kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hiyo hukwama kwenye vitawi vya mshipa unaoleta damu ya utumboni na kusababisha makovu yanayoziba njia, lakini seli za ini zenyewe huendelea kufanya kazi: damu inaganda vizuri, macho si ya manjano, akili ni timamu. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji dawa ya prazikwanteli, kufungwa mishipa ya umio kwa mpira mdogo unaopitishwa kwenye kamera ya tumbo, na dawa ya kupunguza msukumo wa damu. Ini jingine kwa kawaida halihitaji, isipokuwa kama ana ugonjwa wa pili, kwa mfano homa ya ini, uliokwenda sambamba na kichocho.

Wapo pia ambao ini lao limeshindwa kweli, lakini chanzo kinaweza kusimamishwa. Mgonjwa wa homa ya ini aina ya B aliyefika na maji tumboni huanzishiwa tenofoviri au entekaviri, dawa za kudhibiti virusi hivyo, na si ajabu baada ya miezi sita au mwaka maji yakakauka, umanjano ukaisha, na jina lake likaondolewa katika mazungumzo ya upandikizaji. Homa ya ini aina ya C sasa hutibiwa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimaliza huondokewa na virusi kabisa. Aliyeharibiwa na pombe akiiacha, ini linaweza kurudisha nguvu kwa kiasi ambacho hakuna aliyetarajia. Vituo vingi vimekuwa vikimtaka mgonjwa wa pombe akae miezi sita bila kunywa, na wengi hudhani hiyo ni adhabu. Ukweli ni kwamba muda huo, pamoja na kupima nia yake, huonyesha kama bado anahitaji upasuaji. Siku hizi baadhi ya vituo havishikilii miezi sita kwa ukali, hasa pale mgonjwa anapoonekana hatafika huko akiwa hai.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, nalo ni kusubiri. Nimesema dawa za virusi zinaweza kumrudisha mtu, lakini wengine hawarudi, na anayetumia tenofoviri huku akizidi kuvimba anatakiwa awe amekwisha kuonana na timu ya upandikizaji wakati dawa hizo bado zinajaribiwa.

Kupima wakati unaofaa

Kwa kuwa macho ya daktari peke yake hayatoshi kukadiria nani yuko karibu na kifo, hutumika alama ziitwazo MELD, zilizobuniwa katika Mayo Clinic ya Marekani na kuanza kutumika nchini humo Februari 2002 kupanga foleni ya wanaosubiri ini. Asili yake ni vipimo vitatu vya kawaida vya damu: bilirubini, ambayo huonyesha umanjano, kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na INR, inayopima damu inavyochelewa kuganda. Baadaye kiwango cha sodiamu kiliongezwa. Alama huanzia 6 hadi 40. Chini ya 15, hatari ya upasuaji wenyewe kwa kawaida huzidi faida yake, na ndiyo maana mazungumzo mazito huanza alama zinapokaribia hapo. Vipimo hivi hufanyika katika maabara za hospitali kubwa za mikoa, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari wake alama zake ni ngapi leo na zilikuwa ngapi miezi mitatu iliyopita, kwa sababu mwelekeo wake una maana kuliko namba ya siku moja.

Hata hivyo alama hizi hazioni kila kitu. Mtu anaweza kuwa na alama 13 huku akitolewa maji tumboni kila wiki mbili na kuchanganyikiwa kila mwezi, na huyo anastahili kusikilizwa. Haziioni misuli vilevile. Mgonjwa wa ini hukonda mabega na mapaja huku tumbo likimfanya aonekane mnene, na aliyekwisha misuli huwa na hatari kubwa zaidi ya kufa baada ya upasuaji, hata ukifanywa na mikono bora. Hapa nyumbani kwetu tunamponza wenyewe. Anakatazwa nyama, maharage, mayai na samaki kwa ushauri wa zamani kwamba protini hulichosha ini, ushauri ambao wataalamu wameuacha. Leo hushauriwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, apunguze chumvi, na ale kitu kidogo kabla ya kulala, kwa sababu ini bovu halina akiba ya sukari na mwili hulazimika kula misuli yake usiku.

Saratani ya ini ina hesabu yake. Mtu mwenye virusi vya B ambaye pia amekula kwa miaka mahindi au karanga zenye sumukuvu yuko katika hatari kubwa zaidi ya saratani hii. Ikigunduliwa ikiwa ndogo, kupandikiza huondoa uvimbe na ini lililouzaa kwa pamoja. Kipimo kinachotumiwa tangu 1996, kilichotoka katika jiji la Milan, ni uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi vimbe tatu ambazo hakuna inayozidi sentimita 3, bila saratani kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu wala kutoka nje ya ini. Baadhi ya vituo hulegeza mipaka hiyo kidogo. Kinachoumiza ni kwamba wengi hugunduliwa uvimbe ukiwa umekwisha kupita mipaka yote, ilhali mwenye sirosisi anapaswa kupigwa picha ya ultrasaundi kila baada ya miezi sita, kipimo ambacho hakina maumivu yoyote.

Wengine hukataliwa hata kama alama zao ni kubwa: wenye saratani iliyosambaa, moyo au mapafu dhaifu sana, au maambukizi makali ambayo bado hayajatibiwa. Virusi vya Ukimwi vilivyodhibitiwa vizuri kwa dawa havimzuii mtu siku hizi, ingawa si kila kituo kina uzoefu navyo.

Ini linatoka kwa nani

Ini lilianza kupandikizwa kutoka kwa watu waliofariki, hasa waliokufa ubongo huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine. Ndivyo inavyofanyika kwa sehemu kubwa Ulaya na Marekani, na pia Afrika Kusini, katika hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town na kituo cha Wits Donald Gordon cha Johannesburg. Njia hiyo huhitaji sheria, orodha ya kitaifa, madaktari wanaothibitisha kifo cha ubongo, na usafiri wa haraka, kwa sababu ini lililotolewa na kuhifadhiwa kwenye barafu halikai vizuri zaidi ya saa 12 hivi. Katika Afrika Mashariki mfumo huo haujasimama. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini ini ni kazi ya ngazi nyingine.

Njia ya pili ni kuchukua kipande cha ini la mtu aliye hai. Inawezekana kwa sababu ini, tofauti na figo, hukua tena: alichobakiwa nacho mtoaji na alichopewa mgonjwa vyote hupanuka, na ndani ya miezi miwili au mitatu vinakaribia ukubwa unaotosha mwili. Upasuaji wa kwanza wa namna hii uliofanikiwa ulifanyika Brisbane, Australia, mwaka 1989, mama akimpa mwanawe kipande cha kushoto. Kwa mtu mzima kipande hicho hakitoshi, hivyo hukatwa upande wa kulia, ambao ni zaidi ya nusu ya ini lote. Hesabu ni hii: kipande kinachotolewa kiwe walau asilimia 0.8 ya uzito wa mgonjwa, yaani gramu 560 kwa mtu wa kilo 70, na mtoaji abaki na walau asilimia 30 ya ini lake. Picha za CT hupima ujazo huo na kuchora mishipa kabla ya yeyote kuguswa.

India, ambako upandikizaji mwingi hutumia watoaji walio hai, ina sheria ya mwaka 1994 inayosimamia viungo, na mgonjwa wa kigeni anapaswa kuielewa kabla ya kukata tiketi. Jamaa wa karibu wanaotambuliwa ni mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi, na wajukuu. Mtoto wa baba mdogo, ambaye nyumbani hana tofauti na kaka wa tumbo moja, yuko nje ya orodha hiyo. Maombi yote yanayomhusu mgeni hupitia kamati ya idhini, ambayo hutaka barua ya ubalozi kuthibitisha uhusiano, vyeti vya kuzaliwa au vya ndoa, mara nyingine vipimo vya vinasaba, na huwahoji mtoaji na mgonjwa. Familia nyingi hukwama hapa kwa sababu ndogo kabisa: majina matatu yanayotofautiana kati ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, au ndoa ya kimila isiyo na cheti. Hayo hurekebishwa nyumbani. Ukiyagundua ukiwa Delhi na mgonjwa anavuja damu, hayarekebishiki kwa wakati. Mhindi asiye jamaa hawezi kumpa mgeni ini, na yeyote anayekuahidi mtu wa kulipwa anakuingiza katika biashara iliyokatazwa huko na kulaaniwa na tamko la Istanbul, la wataalamu wa upandikizaji wa kimataifa, la mwaka 2008.

Kundi la damu la mtoaji lioane na la mgonjwa: mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kwa yeyote, na alama ya kujumlisha au kutoa iliyo mbele ya kundi haina uzito katika ini. Umri huwa kati ya miaka 18 na 50 au 55. Kisha huja vipimo vinavyowaengua wengi. Katika familia ambayo mgonjwa aliambukizwa virusi vya B na mama yake wakati wa kuzaliwa, mara nyingi ndugu zake wa tumbo moja nao wanavyo bila kujua, kwa hiyo mtoaji mzuri anaweza kuwa mke, mume, au mtoto aliyechanjwa utotoni. Kipimo cha virusi hivyo ni rahisi na kifanywe kwa ndugu wote mara moja. Hata asiyefaa kutoa atakuwa amejua hali yake na kuanza kufuatiliwa. Mwenye mafuta mengi kwenye ini huambiwa apunguze uzito, na wako waliofaulu kwa miezi michache ya mlo na mazoezi.

Mtoaji anapaswa kuambiwa ukweli mzima. Kutoa upande wa kulia kuna hatari ya kifo inayokadiriwa kuwa kati ya mtu 1 katika 500 na 1 katika 200. Ni ndogo, lakini ni hatari anayoibeba mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Nyongo inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuoza, ngiri inaweza kutokea baadaye. Hospitalini hukaa wiki moja hivi, kazi ya ofisini hurudia baada ya miezi miwili, na kubeba mizigo au kulima hungoja miezi mitatu au zaidi. Hatumii dawa za kudumu.

Kikao cha ukoo ndicho mahali ambapo mambo haya huharibika. Mara nyingi uamuzi huangukia kwa mdogo ambaye hajaoa, au binti ambaye hakuulizwa, au kwa yule anayedaiwa shukrani kwa kuwa mgonjwa ndiye aliyemsomesha. Vituo makini humhoji mtoaji peke yake, bila mjomba wala shangazi mlangoni, na akisema hataki, familia huambiwa tu kwamba vipimo havikumruhusu. Mgonjwa aliye na busara humwachia nduguye mlango huo wazi. Wanaosumbuliwa na swali la dini wajue kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu jambo hili kwa masharti katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, na Papa Yohane Paulo II aliuita utoaji wa viungo tendo la upendo mwaka 2000.

Chumba cha upasuaji

Watoaji na wapokeaji hupasuliwa katika vyumba jirani. Kwa mgonjwa kazi huchukua kati ya saa 6 na 12: ini la zamani hutolewa, jipya huunganishwa kwenye mishipa inayotoa damu, kisha ule mpana unaoleta damu ya utumbo, kisha ateri, ambayo ni nyembamba na ndiyo inayotia wasiwasi zaidi, na mwisho mfereji wa nyongo. Atazinduka katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na mipira puani, shingoni, tumboni na kwenye kibofu. Ateri ikiziba katika wiki za kwanza, ini linaweza kufa na likahitajika jingine kwa haraka. Nyongo kuvuja au mfereji wake kubana ni tatizo la kawaida zaidi, hasa kwa kipande cha mtoaji aliye hai, na mara nyingi hutibiwa kwa kuweka mrija mdogo bila kupasua upya. Mgeni hutakiwa kubaki karibu na hospitali kwa jumla ya miezi miwili hadi mitatu, na gharama za malazi, chakula na msindikizaji ni zake. Bei ya jumla inayotajwa na hospitali aisome kwa makini: mara nyingi matatizo yanayorefusha kulazwa na dawa za baada ya kuruhusiwa hayamo ndani yake.

Kuishi na ini la mwingine

Daktari wa upasuaji Thomas Starzl alipandikiza ini la kwanza kwa binadamu mjini Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa hakuvuka siku ya upasuaji. Mwaka 1967 watoto wa kwanza waliishi miezi kadhaa. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo wengi waliendelea kufa ndani ya mwaka mmoja, ingawa madaktari walikwisha kujua kuunganisha mishipa. Kilichobadilisha mambo ni dawa: saiklosporini, ambayo Roy Calne, daktari wa upasuaji wa Cambridge, Uingereza, alikuwa wa kwanza kuijaribu kwa waliopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kisha takrolimusi, iliyopatikana kutoka kwa kijidudu cha udongo nchini Japani mwaka 1984. Kinga ya mwili hulitambua ini la mwingine kuwa ni la kigeni na hulishambulia. Dawa hizi huinyamazisha kinga, na ndizo zinazofanya ini lidumu.

Kwa kawaida mgonjwa huanza na dawa tatu: takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni. Ya mwisho mara nyingi huondolewa baada ya miezi michache. Takrolimusi humezwa kila baada ya saa 12, kwa saa ileile, na kiwango chake hupimwa kwenye damu iliyochukuliwa asubuhi kabla ya kumeza dozi. Anayemeza kwanza ndipo aende maabara hupata jibu la uongo. Kikiwa chini, ini hushambuliwa; kikiwa juu, mikono hutetemeka, shinikizo la damu na sukari hupanda, na figo huumia polepole. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani mgonjwa awe amekubaliana na daktari wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atakayemfuatilia, awe anajua maabara inayopima kiwango cha dawa hiyo, na duka la dawa linaloiagiza mfululizo. Akibadilishiwa takrolimusi ya kiwanda kingine, kiwango kipimwe tena.

Mashambulizi ya kinga hutokea zaidi katika miezi mitatu ya kwanza na mara nyingi hayana dalili yoyote. Huonekana kwenye vipimo vya damu, huthibitishwa kwa kipande kidogo cha ini kinachochukuliwa kwa sindano, na wengi hupona kwa dozi kubwa za steroidi, dawa za jamii ya prednisoloni, za siku tatu hivi. Kwa hiyo anayeruka kliniki kwa kuwa anajisikia vizuri anajinyima kipimo pekee kinachoweza kumwonya.

Upande wa pili wa kinga iliyonyamazishwa ni maambukizi, na hapa mazingira yetu yana mambo yake. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, na rifampisini inayokitibu huiondoa takrolimusi mwilini kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba ini linaweza kushambuliwa ndani ya siku chache. Daktari wa kifua kikuu asiyejua historia ya mgonjwa anaweza kumdhuru kwa nia njema. Dawa za fangasi kama flukonazoli na antibayotiki kama erithromaisini hufanya kinyume, hupandisha kiwango. Balungi nalo hupandisha. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila kona, huongeza mzigo kwenye figo. Mitishamba haina kipimo kinachojulikana, na kwa aliyepandikizwa jibu salama ni kuiacha yote. Homa ya nyuzi 38 au zaidi isitibiwe nyumbani kwa kudhaniwa malaria: ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, na chandarua ni cha kila usiku. Maziwa mabichi na nyama isiyoiva haviliwi.

Chanjo zenye vijidudu hai, ikiwemo ya homa ya manjano, haziruhusiwi baada ya upandikizaji. Kwa kuwa wasafiri wengi wa ukanda wetu hudaiwa cheti chake mipakani, mgonjwa achanjwe mapema kabla ya upasuaji ikiwa hali inaruhusu, na cheti kitunzwe pamoja na pasipoti. Aliyepandikizwa kwa sababu ya virusi vya B ataendelea na tenofoviri au entekaviri kwa maisha yake yote, na baadhi huongezewa sindano za kingamwili, la sivyo virusi vilivyobaki mwilini vitaliingia ini jipya pia.

Wanawake waliokuwa wameacha kupata hedhi kwa ugonjwa huanza kuipata ndani ya miezi michache, na wengine hushtukia mimba. Inashauriwa kungoja walau mwaka mmoja, na mikofenoleti ibadilishwe mapema kwa idhini ya daktari kwa sababu huharibu mtoto tumboni. Wako akina mama wengi waliojifungua salama wakiwa na takrolimusi.

Katika vituo vizuri, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai mwaka mmoja baada ya kupandikizwa, na zaidi ya 7 kati ya 10 baada ya miaka mitano. Wengi hurudi kazini. Kadiri miaka inavyokwenda, wanaokufa huondolewa zaidi na moyo, figo na saratani kuliko na ini lenyewe, na ndiyo maana uzito, sukari na shinikizo la damu hufuatiliwa kwa ukali uleule. Dozi hupunguzwa, na wengine hubaki na takrolimusi peke yake kwa kiasi kidogo, lakini hatua hiyo huongozwa na vipimo. Anayeziacha mwenyewe anaweza kukaa wiki kadhaa bila dalili huku kinga ikiviharibu vijifereji vya nyongo ndani ya ini, na vikishapotea vya kutosha, dawa haziwezi kuvirudisha. Tiba inayobaki hapo ni kupandikizwa mara ya pili, na kwa aliyepewa ini na ndugu yake, ndugu wa pili anayefaa huenda hayupo.